Roshani za Nyumba za Kupanga: Dalili za Hatari, Wajibu wa Mwenye Nyumba na Haki ya Mpangaji

Joto la Mombasa huwatoa watu nje jioni. Katika majengo ya ghorofa ya Kisauni, Bamburi, Tudor, Majengo na Changamwe, roshani, au balkoni kama wengi wanavyoiita, ndiyo sebule ya pili. Hapo ndipo nguo huanikwa, jiko huwashwa, watoto huchezea, na madumu ya maji hupangwa kungojea siku ambayo mfereji hautatoa. Ni sehemu ya nyumba inayobeba mengi na kukaguliwa kwa nadra.

Sakafu ya chumba hushikwa na kuta au nguzo pande zake zote. Roshani nyingi hushikwa upande mmoja tu, pale zinapoungana na jengo, na upande wa pili huning'inia. Kiungo hicho kikishindwa, hakuna kitu kingine cha kuizuia isianguke. Ndiyo maana roshani hustahili kukaguliwa peke yake, hata kama jengo lote linaonekana imara.

Makala haya yanaeleza kwa nini roshani huharibika, hasa katika ukanda wa Pwani, dalili ambazo hazifai kupuuzwa, jinsi ukaguzi unavyofanywa, na yale ambayo sheria inamtaka mwenye nyumba kutimiza.

KWA NINI ROSHANI HUHARIBIKA

Sababu kubwa ni nne, na mara nyingi huja kwa pamoja.

Ya kwanza ni nondo kuwekwa mahali pasipofaa. Zege ni gumu linapobanwa, lakini hupasuka upesi linapovutwa. Nondo, yaani vyuma vinavyolazwa ndani ya zege, ndizo zinazobeba mvuto huo. Katika sakafu ya kawaida ya chumba, mvuto huwa upande wa chini, kwa hiyo nondo kuu hulazwa chini. Katika roshani inayoning'inia mambo hugeuka: mvuto huwa juu, na nondo kuu lazima zikae karibu na uso wa juu wa zege. Fundi asiyejua tofauti hiyo huzilaza chini kama alivyozoea. Hata anayejua anaweza kuharibu kazi siku ya kumwaga zege, vibarua wanapozikanyaga nondo zikazama. Roshani ya namna hiyo inaweza kusimama miaka kadhaa bila mtu kujua kasoro yake.

Ya pili ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hupenya polepole kwenye zege hadi kwenye nondo. Hali huwa mbaya zaidi pale mjenzi alipotumia mchanga wa ufuoni usiooshwa, au alipochanganya simiti kwa maji ya kisima yenye chumvi. Hapo adui ameshawekwa ndani tangu siku ya kwanza. Nondo ikianza kushika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Huvimba, hulipasua zege kutoka ndani, na ule ufa huruhusu maji na chumvi zaidi kuingia.

Ya tatu ni maji yanayotuama. Roshani inapaswa kuwa na mteremko mdogo wa kupeleka maji nje na tundu la kuyatoa. Tundu likiziba kwa majani, sabuni na mchanga, maji hukaa juu ya sakafu na kunywewa taratibu na zege pale pale penye nondo kuu.

Ya nne ni mzigo usiokusudiwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 lililojaa lina kilo 20, na pipa la lita 200 lina kilo 200, sawa na watu watatu wazima waliosimama mahali pamoja usiku na mchana. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Ongeza vyungu vya maua, mtungi wa gesi na mashine ya kufulia, kisha wageni waje siku ya sherehe. Mzigo mzito zaidi ni ule wa roshani iliyozibwa kwa matofali ikafanywa jikoni au chumba cha kulala. Ukuta wa matofali kwenye ukingo unaoning'inia ni mzigo ambao mhandisi wa jengo huenda hakuuhesabu kamwe.

FUNZO KUTOKA CALIFORNIA

Usiku wa Juni 16, 2015, katika mji wa Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, vijana walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao katika jengo la kupanga. Roshani ya ghorofa ya tano ilikatika ikiwa na watu 13. Sita walifariki na saba wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa wanafunzi kutoka Ireland waliokwenda kufanya kazi za msimu.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mbao zilizobeba roshani hiyo zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyonaswa ndani. Kwa nje roshani ilionekana nzima, kwa kuwa uozo ulikuwa umefunikwa. Jengo lenyewe halikuwa kuukuu: lilikuwa na umri wa chini ya miaka kumi.

Mwaka 2018 jimbo hilo lilipitisha sheria inayowalazimisha wenye majengo ya kupanga yenye nyumba tatu au zaidi kukagua roshani, ngazi na njia za nje zilizoinuka zaidi ya futi sita kutoka ardhini na zinazobebwa na mbao. Ukaguzi hurudiwa kila baada ya miaka sita. Hufanywa na mtaalamu mwenye sifa zilizotajwa na sheria, naye huandika ripoti. Akikuta hatari ya papo hapo, mwenye jengo hutakiwa kuzuia watu wasiikanyage roshani hiyo mara moja, na mamlaka ya eneo hujulishwa. Kasoro isiyo ya dharura hupewa siku 120 za kuomba kibali cha ukarabati, na siku nyingine 120 za kuumaliza baada ya kibali kutolewa. Anayekaidi baada ya kuonywa anaweza kutozwa faini kwa kila siku inayopita.

Roshani za huko nyingi ni za mbao na za hapa nyingi ni za zege. Lakini adui ni yule yule: maji yanayofanya kazi chini ya uso uliopambwa. Funzo lenyewe linafaa kokote. Ukaguzi usiwe wa kutazama rangi tu, ufanywe kwa vipindi vinavyojulikana bila kungoja malalamiko, uandikwe, na hatari ikionekana watu waondolewe kwanza, mazungumzo yafuate.

SHERIA ZA KENYA ZINASEMA NINI

Nchini Kenya, wajibu wa kuhakikisha kwamba jengo la kukaliwa na watu ni salama unatokana na sheria kadhaa zinazosomwa pamoja.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi serikali ya kaunti mipango na maendeleo ya kaunti, nyumba zikiwemo.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza mtu kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ujenzi hapa si kuinua jengo jipya tu. Kuongeza roshani, kuiziba kwa matofali au kujenga ghorofa ya ziada juu ya paa ni kazi inayohitaji idhini kabla ya kuanza. Kaunti inaweza kumpa mhusika ilani ya utekelezaji inayomtaka asimamishe kazi au arekebishe kosa. Asiyeridhika na ilani hiyo ana siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza mtu kuacha jengo analomiliki au kulikalia katika hali inayohatarisha afya ya watu. Maafisa wa afya ya umma wanaweza kutoa ilani ya kuondoa hatari hiyo kwa muda uliowekwa, na jambo likipuuzwa hupelekwa mahakamani.

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua nafasi ya kanuni zilizotumika tangu 1968.

Kwa majengo ambayo kila nyumba ina mmiliki wake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inaliweka jukumu la kutunza sehemu za pamoja mikononi mwa shirika la wamiliki. Ngazi, paa na kuta za nje haziwezi kuachwa kwa hoja kwamba "si zangu peke yangu."

Ipo pia Sheria ya Sura ya 34, inayomtaka anayesimamia jengo kuchukua hadhari inayofaa ili wageni wanaoingia wasidhurike. Mtu akijeruhiwa kwa sababu ya roshani mbovu ambayo msimamizi aliijua, au alipaswa kuijua, madai ya fidia yanaweza kufuata. Katika kesi ya namna hiyo, ripoti ya ukaguzi ndiyo huonyesha kama mwenye nyumba alitimiza wajibu wake au aliuacha.

DALILI ZISIZOFAA KUPUUZWA

Dalili nyingi huonekana bila kifaa chochote. Mpangaji, msimamizi wa ploti au mwenye nyumba anaweza kuziangalia mchana, akianzia chini ya roshani kisha juu yake.

• Ufa kwenye sakafu ya roshani unaofuata mstari wa pale inapoungana na ukuta wa jengo. Huu ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu hapo ndipo penye mvuto mkubwa.
• Madoa ya rangi ya kutu kwenye zege, hasa upande wa chini.
• Vipande vya zege au plasta vinavyobanduka, au nondo zinazoonekana wazi.
• Roshani iliyoinama kwa mbele. Mpira ukiwekwa sakafuni na kubingirika kwa kasi kuelekea ukingoni, mhandisi aitwe.
• Mlango wa roshani ulioanza kukwama, au mwanya mpya kati ya sakafu na ukuta.
• Maji yanayotuama baada ya mvua, au unyevu usiokauka kwenye dari ya roshani ya chini.
• Reli inayotikisika inapoegemewa, au iliyoliwa na kutu pale inapoingia kwenye zege.

Kuhusu reli, kanuni nyingi za ujenzi duniani hutaka kimo cha takriban mita 1.1, na mianya isiyozidi sentimita 10 ili mtoto asipenye. Reli ya vyuma vya kulala huwa ngazi kwa mtoto. Vivyo hivyo kiti, pipa au kreti iliyowekwa karibu nayo.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuziba ufa kwa simiti na kupaka rangi mpya kabla ya mpangaji mwingine kuingia. Rangi hiyo haiongezi nguvu hata kidogo. Inachofanya ni kuifuta dalili ambayo ingeokoa maisha. Ufa hutafutiwa sababu kwanza, ndipo uzibwe.

UKAGUZI UNAFANYWAJE

Ukaguzi wa roshani ni kazi ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Fundi mzoefu anaweza kuona tatizo, lakini si yeye wa kutoa uamuzi kama jengo ni salama. Orodha ya wahandisi waliosajiliwa ni ya umma, na mwenye nyumba ana haki ya kulitafuta jina la mtu kabla ya kumlipa.

Mhandisi huanza kwa kuomba michoro ya jengo iliyoidhinishwa. Kisha huangalia kila roshani juu na chini, hupima nyufa na mwinamo, na hugonga zege kwa nyundo ndogo. Zege zima hutoa mlio mkali. Lililoachana na nondo hutoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani. Kwa kifaa maalumu anaweza kujua nondo ziko wapi na ziko kina gani bila kubomoa. Akiwa na shaka, hufungua sehemu ndogo ili aone hali ya nondo kwa macho, au huchukua kipande cha zege kikapimwe maabara.

Mwisho wa kazi, mwenye nyumba anapaswa kudai ripoti iliyoandikwa na kutiwa sahihi, inayosema mambo matatu waziwazi: roshani zipi ziko sawa, zipi zinahitaji ukarabati na kwa muda gani, na zipi zifungwe leo. Ripoti ya mdomo haimsaidii mtu.

Ukarabati unaohusu muundo wa jengo ufanywe na mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kwa maelekezo ya mhandisi na kwa idhini ya kaunti. Kazi huhusisha kubandua zege lililooza, kusafisha au kubadilisha nondo, kujaza upya kwa mchanganyiko unaofaa, na kurekebisha mteremko na njia ya maji. Bila kurekebisha njia ya maji, tatizo litarudi.

MJI WA KALE

Roshani za mbao za Mji wa Kale ni fahari ya Mombasa, na nyingine zimesimama kwa vizazi kadhaa. Adui zake ni mchwa, maji ya mvua kutoka kwenye paa bovu, na misumari iliyokwisha kwa kutu. Boriti huoza zaidi kwenye ncha iliyoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Mkaguzi hudunga ncha hiyo kwa bisibisi: ikizama kwa urahisi, mti umekwisha.

Kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, mwenye nyumba hatakiwi kuing'oa roshani ya zamani na kuweka ya zege kwa hiari yake. Ushauri wa ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hutafutwa kwanza. Hifadhi, hata hivyo, si sababu ya kuacha watu wapite chini ya roshani inayotaka kuanguka. Roshani hiyo hutegemezwa kwa nguzo za muda na njia iliyo chini yake huzuiwa huku mpango wa ukarabati ukiandaliwa.

MPANGAJI AFANYE NINI

1. Akiona dalili ya hatari, aache kuitumia roshani na aondoe vitu vizito. Watoto wazuiwe, na mlango ufungwe kwa kufuli ikiwezekana.
2. Awaarifu majirani wa roshani ya juu na ya chini. Anayekaa chini ndiye atakayeangukiwa.
3. Apige picha zinazoonyesha tarehe, na aweke alama ya kalamu kwenye ncha za ufa ili ajue kama unaendelea.
4. Amwarifu mwenye nyumba au wakala kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uhifadhiwe. Maneno ya ngazini husahaulika.
5. Asipopata jibu, apeleke malalamiko kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya kaunti ndogo, ambako yataelekezwa kwa maafisa wa majengo na afya ya umma. Wapangaji wakiandika kwa pamoja, barua yao huwa na uzito zaidi.
6. Zege likianza kuanguka au roshani ikisogea, watu watoke na wakae mbali na jengo, kisha wapige 999 au 112.

Mpangaji naye ana wajibu. Tundu la maji lisiachwe kuziba, mapipa yasirundikwe ukingoni, na ukuta usiongezwe bila ruhusa. Penye lazima ya kuhifadhi maji kwenye roshani, madumu machache yapangwe karibu na ukuta wa jengo, mbali na reli.

MWENYE NYUMBA AFANYE NINI

Mwenye jengo lenye roshani anashauriwa asingoje ilani. Aanze na jengo lililo karibu na bahari, lililojengwa bila usimamizi wa mhandisi, au lile ambalo michoro yake haipatikani. Aweke faili moja yenye michoro, idhini, cheti cha kukalia jengo, ripoti za ukaguzi na risiti za ukarabati. Jengo likiuzwa au kurithiwa, faili hiyo iende pamoja na hati. Kila mwaka, baada ya mvua za masika, msimamizi wa ploti azunguke roshani zote akiwa na orodha ya dalili zilizotajwa hapo juu, na aandike alichokiona.

Ikiwa mhandisi amesema roshani ifungwe, ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama mpangaji analalamika na hata kama kodi ya mwezi itapungua. Familia inaweza kuvumilia mwezi mmoja bila mahali pa kuanikia nguo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa roshani methali hiyo ina nyongeza: ufa usizibwe kabla haujachunguzwa. Jioni ya leo, kabla viti havijatolewa nje, dakika tano zinatosha kutazama ule mstari ambapo roshani inaungana na jengo.